Kituo cha Kumi na Nne

Vituo kumi na tatu vilikuja kwa meli na gari moshi
zamani, wakati wa Wabelgiji, vimelazwa kwenye majani makavu:
Yezu wa plasta, mashavu mekundu kama ya mtu aliyeshiba,
askari wenye visigino safi.
Cha kumi na nne kililiwa na mvua.
Bati lilitoboka juu yake, misimu mitatu,
hadi asubuhi moja nikamfagia Yusufu wa Arimataya
pamoja na mavi ya popo.

Mupe akamwita Musonda, mtoto wa fundi Chabu,
aliyesomea kuchora Kinshasa akarudi na ndevu.
Akapewa dola sitini na gunia la mchele.
Miezi minne. Kisha akaja na kitu kilichofungwa blanketi,
Jumatano, saa ya kufua vitambaa vya altare.
Mimi ndiye niliyemshikia ngazi.

Hakuna mtu ndani yake.
Nasema mapema usije ukatafuta kama nilivyotafuta.
Chini, weusi wa ule mlima wa mabaki ya tanuru
unaochungulia kila ua wa Lubumbashi;
ameusaga, ameukoroga na gundi,
ukipitisha kiganja unakwaruza.
Katikati, mstatili. Weupe wake si wa maziwa,
ni weupe wa shati lililofuliwa mno.
Na kulia, kutoka juu hadi chini,
mstari mmoja wa kijani, kijani cha malakiti,
mwembamba, umepinda kidogo
kama mtu aliyetaka kusema neno akaacha.
Basi.

Jumapili Legio ya Maria walisimama mbele yake na mikoba yao.
"Yezu iko wapi?" akauliza Mama Ngalula.
"Hii njo kaburi? Hii iko shimo tu."
Mzee Mutonkole, aliyepima reli maisha yake yote,
akafumba jicho moja
akasema mstatili haujanyooka.
Mtoto wa Mama Feza akasema ni mlango wa friji.
Tulicheka, kanisani, Mungu atusamehe.
Musonda naye alicheka, mikono yake ikiwa mfukoni.
Mupe akaahidi kuliangalia jambo hilo.
Hata juu ya bati aliahidi hivyo hivyo.

Mimi nafagia. Mambo ya picha siyajui.
Lakini Ijumaa, kwenye njia ya msalaba, umeme ulikatika
kati ya kituo cha kumi na mbili na cha kumi na tatu,
tukaendelea kwa mshumaa na tochi ya simu,
na tulipofika mwisho mwanga ukapita ubavuni mwa picha:
nikaona nyuzi za gunia chini ya rangi,
nikaona namba. Namba ya wino, nusu imefutika,
zile wanazoandika wanunuzi wa mawe
pale mizanini, barabara ya Likasi.

Kalenga wangu alibeba magunia ya namba.
Shimo lilifunga mdomo mwezi wa pili, mvua kubwa.
Siku sita walichimba, ya saba mwenye mashine akadai mafuta.
Sisi tulizika shati.
Nililifua kwanza, usiniulize kwa nini,
nikalianika, nikalipiga pasi ya makaa,
likaingia kwenye jeneza la urefu wa mtu
na wabebaji wanne wakajifanya limewalemea.

Kwa hiyo Mama Ngalula anapouliza tena
namwambia: mama, weka kidole hapa penye weupe,
hapa pembeni, rangi ilipofanya mkunjo.
Anaweka. Anasema haoni kitu.
Nasema ndiyo.

Wamemwandikia askofu. Wanataka plasta.
Sahihi ziko kumi na tisa,
yangu haimo, ingawa kalamu ilikuwa yangu.

Vituo vyote navifuta vumbi kwa kitambaa kimoja kibichi,
kumi na tatu, haraka haraka.
Kile cha mwisho sikifuti. Nakipuliza tu,
polepole, kama bukari ya mtoto,
na punje nyeusi mbili tatu zinadondoka kwenye kikwembe changu.
Nikifika nyumbani sizikung'uti.